Ujue Kazi Ipi Umpe Nani

Ndugu mkulima, mvua ya kutegemewa zaidi Kitui na Makueni ni ile ya Oktoba hadi Desemba, nayo haingoji mtu. Nyumba yenye watu wawili haiwezi kuchimba mitaro, kulima na kupanda kwa wakati wake. Basi ita watu.

Mitaro ya fanya juu yafaa kuchimbwa na mwethya. Wengine husema mwethya ni jambo la zamani, mimi siafiki. Katika miaka ya 1950 vikundi hivyo vilichimba mitaro mingi sana Ukambani, na hata leo vipo. Lakini mwethya ni deni: ukichimbiwa leo, kesho nenda kwa jirani. Asiyekwenda asishangae akiachwa peke yake.

Plau ya mwenzio na kibarua ni kazi ya fedha. Pimeni shamba pamoja kwa hatua, mpatane bei kabla ya kuanza, nawe ukague kazi kabla ya kulipa.

Lakini kuchagua mbegu usimwachie mtu. Njaa haitabisha hodi kwa kibarua, itabisha kwako.