Sindano Mkononi, Wimbo Kinywani

Katika nchi ya Chifu Puta, kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, uvuvi husimamishwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaana. Nyavu huanikwa na fedha huadimika majumbani. Kikundi cha kijiji kikitaka kutayarisha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma, wasaa umo katika miezi hiyo, lakini senti ya kununulia nguo haimo.

Hapo ndipo kazi ya maleba, yaani mavazi ya jukwaani, humwangukia mwenye cherehani, ambaye aghalabu naye ni mchezaji. Mzigo huo una faida yake. Fundi wa dukani hupima mtu aliyesimama wima. Mshonaji anayecheza hujua kwa mwili wake kuwa kwapa lililobana litamzuia mwimbaji kuinua mikono, na kwamba sketi nyembamba magotini itamwangusha katika zamu ya kupiga magoti. Kwa hiyo hupiga bandi tu kwanza, nguo ikavaliwa na kuchezewa wimbo mzima, na hapo ndipo mshono wa mwisho hutiwa.

Nguo zenyewe zitoke sandukuni. Kitenge cha mita mbili kisikatwe kamwe, kwani ni mali ya mwenyewe na pengine ndicho alichowekea msiba au arusi. Kikunjwe, kifungwe begani au kiunoni, na kushikizwa kwa nyuzi chache zitakazofumuliwa baadaye. Achaguaye rangi akumbuke pia walioketi nyuma: maua madogo madogo yanayopendeza mkononi huwa kama vumbi kwa mtu aliye hatua thelathini. Kitambaa cha rangi moja, chenye pindo la rangi nyingine, huonekana vizuri zaidi.

Wapo wanaoyadharau maleba wakidhani ni pambo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, waliigiza mchezo wenye nyimbo ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Ndani yake mtu na mkewe, maskini, wanashawishiwa kufanya arusi ya kanisani, na gharama zake zinaishia kuwapokonya kipande chao cha ardhi. Katika kisa kama hicho, gauni jeupe ndilo mtego wenyewe. Likishonwa ovyo ovyo, watazamaji watacheka mahali walipopaswa kunyamaza.

Jambo gumu zaidi katika nchi za Mweru ni mavazi ya wakubwa. Kusini mwa Nchelenge, huko Mwansabombwe, Mwata Kazembe wa Walunda hucheza mwenyewe mbele ya watu katika sherehe ya Mutomboko mwishoni mwa Julai. Huvaa mukonso, nguo pana yenye mikunjo mingi, iliyokazwa kiunoni kwa mkanda wa ngozi, na kichwani taji la shanga na manyoya. Mreno Gamitto, aliyefika katika baraza la Kazembe mwaka 1831, alilieleza vazi la namna hiyo kwa urefu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1854. Mshonaji na ajifunze hapo jinsi mikunjo inavyofuata mguu wa mchezaji. Lakini kulinakili vazi zima kwa ajili ya mchezo wa kijijini, wakati lina mwenyewe aliye hai, ni utovu wa adabu. Mikunjo michache na usinga mkononi vyatosha kumwonyesha mfalme, tena baada ya wazee kuulizwa.

Sare nazo zina mwenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mathalani, humkataza raia kuvaa sare ya jeshi au ya polisi, ingawa inaacha nafasi kwa mchezo wa jukwaani unaoonyeshwa kihalali. Hata hivyo, kuazima shati la kazini la shemeji aliye askari si njia. Mwenye kikundi aende kituoni mapema, aeleze mchezo wake, aulize. Mara nyingi kofia ya rangi moja, mkanda na mwendo wa kukakamaa humfanya mchezaji kuwa askari machoni pa watu, bila nembo wala kifungo cha serikali.

Basi linabaki vazi la mshonaji mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea. Hushona ya wenzao yote, lao wakaliacha hadi jioni ya onyesho, wakatoka kuimba na pini kiunoni. La kwake lishonwe miongoni mwa ya mwanzo, naye amkabidhi mwenzake asiyecheza kikapu chenye sindano zilizokwisha kutiwa uzi, nyeupe na nyeusi. Zipu ya mtu ikipasuka wakati yeye yumo katikati ya wimbo, hawezi kuondoka jukwaani.

Machi nyavu zinaporudi majini, vitenge navyo viwe vimekwisha kufumuliwa, kufuliwa na kurudishwa, kila kimoja kwa mwenyewe.