Je, Nauli Yaweza Kupima Thamani ya Mbuga?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu Chama cha Jiografia kilipokwenda Mbuga ya Mikumi muhula uliopita.

Mwalimu alitueleza jinsi wataalamu wanavyokadiria thamani ya mbuga kwa watu waendao kujiburudisha. Kiingilio hakitoshi kuionyesha, maana hupangwa kwa amri tu. Basi mwaka 1947 mtaalamu wa Marekani, Harold Hotelling, aliwashauri wakuu wa mbuga za nchi yake hivi: chora maduara kuizunguka mbuga, moja nje ya jingine, hesabu wageni watokao katika kila duara, na gharama za kila mmoja kufika. Wa karibu hutumia kidogo, nao huja kwa wingi. Wa mbali hutumia sana, nao huja wachache. Kwa tofauti hiyo yaweza kukisiwa wageni wangekuwa tayari kulipa kiasi gani zaidi ya walicholipa. Ziada hiyo, ikijumlishwa kwa wote, ndiyo thamani itafutwayo.

Kwa njia hii, pamoja na kuwauliza wageni wenyewe, utafiti uliochapishwa 1994 ulikadiria kuwa kutazama wanyama na ndege katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, Kenya, kuna thamani ya dola milioni 7.5 hadi 15 kwa mwaka. Heroe peke yao walichukua zaidi ya theluthi moja! Anayesema pori halina kazi, afadhali lilimwe, na ajibiwe kwa hesabu kama hizo.

Lakini alfajiri ile tulipoondoka, wenzetu sita walibaki bwenini kwa kuwa mchango haukufika kutoka nyumbani. Mmoja wao ndiye aliyetuchorea ramani tuliyokwenda nayo. Katika hesabu ya maduara, kijana huyo hana tofauti na mtu asiyetaka kabisa kumwona tembo. Asiyeweza na asiyependa wamewekwa kapu moja.

Tena, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya hupita katikati ya mbuga ile. Nimesafiri humo kwa basi mara nyingi. Twiga akionekana, hata mzee aliyekuwa akisinzia huinuka kuchungulia, na watoto hupiga kelele. Nauli zao ni za kwenda msibani au sokoni Iringa. Furaha ile haimo katika daftari la mtu yeyote.

Maoni yangu ni kwamba mwenye kuhesabu wageni langoni aende pia vijijini na mashuleni, aulize nani alitaka kuja na nini kilimzuia. Nasi katika Chama tusingoje wiki ya mwisho kudai mchango wote kwa mkupuo. Tukusanye kidogo kidogo tangu shule inapofunguliwa, na Mwalimu Mkuu akituruhusu, tuuze mchicha wa bustani yetu ili kuwajazia waliopungukiwa. Basi lile lilikuwa na viti vitupu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne