Mafuta ya nyonyo sio tiba ya mkorogo

Kimya kingi, nilikuwa TP kule Kibaha. Nimerudi salama ila nina dukuduku.

Mwalimu mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa anapaka mkorogo. Wiki ya tatu uso ukawa mwekundu, unawasha, jua likimpiga kidogo tu ni kilio. Kila mtu akamwambia, "Paka nyonyo, yatakupoza." Akanunua kichupa kisicho na lebo. Asubuhi mkorogo, usiku nyonyo. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Sasa mimi nyonyo nayajua tangu utotoni, kwa bibi Kisarawe. Bibi anakaanga mbegu za mbarika, anatwanga, anachemsha na maji, kisha anaengua mafuta yanayoelea. Watoto tulikatazwa kabisa kutafuna zile mbegu, na kweli zina sumu inaitwa risini. Sumu hiyo haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye makapi, na moto unaiharibu. Mafuta yenyewe karibu asilimia 90 ni asidi ya risinoleiki. Ndio maana ni mazito, yanang'ang'ania ngozi na kuzuia maji yasipotee. Ngozi iliyopauka inalainika, muwasho unapungua. Basi, kazi yake inaishia hapo.

Mkorogo ni habari nyingine jamani. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Vilikuwa vinasimamiwa na TFDA, tangu 2019 ni TBS, lakini bado vinauzwa kichochoroni. Zebaki inapenya ngozi na kufika kwenye figo. Nyonyo gani itaifuata huko?

Hoja yangu ni hii: tukimwambia mtu "paka tu, ni ya asili" bila kumwambia aache mkorogo, tunampa ruhusa ya kuendelea kujichoma. Ni sawa na kupuliza ulimi huku unakunywa chai ile ile ya moto.

Kwanza hospitali, tena ubebe na kopo lenyewe daktari alione, maana mkorogo wenye steroidi ukiacha ghafla ngozi inaweza kulipuka upya. Nyonyo baadaye, ngozi ikishatulia, na uanze na tone moja mkononi usubiri kesho yake.

Mwenzangu alienda, anaendelea vizuri. Ila nawafikiria wale mabinti wa kidato cha pili waliokuwa wanamwangalia ubaoni kila siku. Sisi ndio walimu wao, wanajifunza mpaka tunachopaka.

Naomba kutoa hoja.