Mboga ya Majani Katika Sinia la Idi



Sikukuu ikikaribia, watu wengi hapa kwetu Mtwara huanza kuhesabu. Wanahesabu nguo za watoto. Wanahesabu mchele, nyama, mafuta na viungo vya pilau. Fedha zisipotosha, mtu hutafuta mahali pa kukopa. Jambo hilo ndilo nataka tulizungumze, na tutaanzia kwenye sufuria ya mboga.

Hapa Rahaleo, na katika vijiji vinavyouzunguka mji wetu, mboga za majani hazina heshima siku ya Idi. Siku nyingine zote tunakula kisamvu, matembele, mchicha, majani ya kunde na majani ya maboga. Siku ya Idi tunayaficha. Mama akiulizwa kwa nini, hujibu, "Wifi zangu wanakuja. Niwawekee majani?" Baba naye husema kuwa mgeni hapewi chakula cha shida.

Mimi sikubaliani na mawazo hayo. Kisamvu si chakula cha shida. Kisamvu kibaya ni kile kilichopikwa haraka kwa maji na chumvi tu. Hata nyama ikipikwa hivyo haipendezi.

Watazameni jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Nchini Msumbiji kisamvu hupikwa kwa karanga na tui la nazi. Pwani mara nyingi hutiwa kamba au kaa. Chakula hicho huitwa matapa, na watu wa Msumbiji wanajivunia. Mgeni akifika Maputo, huonjeshwa matapa ili ajue chakula cha nchi. Huko Kongo ya mashariki kisamvu huitwa sombe, na watu hawaoni haya kukipakua mbele ya wageni. Majani ni yale yale tuliyo nayo sisi. Tena sisi tuna nazi za pwani, na tuna korosho, ambazo watu wa nchi za mbali wanazinunua kwa bei kubwa. Ni ajabu kwamba korosho yetu ni chakula cha heshima huko Ulaya, na katika sufuria zetu haimo.

Sasa tuje kwenye deni. Idi el-Fitri hufuata mwezi. Kwa hiyo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Korosho zetu tunazivuna na kuziuza kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Ikifika Machi, fedha za korosho zimekwisha katika nyumba nyingi. Zimekwenda kwenye ada, bati, dawa na madeni ya nyuma. Lakini Machi ni wakati wa mvua. Mfukoni hakuna kitu, na shambani kumejaa majani.

Hapo ndipo mtu wa kangomba anapopiga hodi. Wakulima wa korosho wanamjua. Anatoa fedha leo, na mkulima anaahidi korosho za msimu ujao kwa bei ndogo. Serikali imeikataza biashara hiyo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwetu mwaka 2007, uliletwa ili mkulima auze mnadani kupitia chama chake. Mwaka 2018 serikali yenyewe ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na watu wa kangomba wakasakwa. Hata hivyo, mlango ambao kangomba huingilia ni shida ya mtu, na shida nyingine tunaitengeneza wenyewe kwa ajili ya siku moja.

Wanaosoma hesabu katika madarasa yetu waandike hesabu hii ubaoni. Tuseme mtu amechukua shilingi 100,000 kabla ya Idi. Ameahidi kilo 100 za korosho. Msimu umefika, na bei mnadani ni shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 100 mara shilingi 3,000 ni shilingi 300,000. Amepokea 100,000, ametoa mali ya 300,000. Shilingi 200,000 zimeliwa na mtu ambaye hata hakuja kula pilau. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Tufanye hesabu ya pili, ya nyama. Familia ya watu 20 imenunua kilo 2. Kila mtu anapata gramu 100, pamoja na mfupa. Lakini hatugawi hivyo. Wazee na wageni wanapakuliwa vinofu. Watoto wadogo wanapata mchuzi, na mama aliyepika anakuta sufuria imekwisha. Hiyo ndiyo karamu tuliyoikopea.

Sisemi nyama iondolewe. Watoto wanaingoja pilau kwa hamu, na furaha yao ni haki yao. Nasema tununue nyama ya fedha iliyopo mkononi, hata ikiwa ni kilo moja. Nafasi iliyobaki katika sinia tuijaze kwa mboga iliyopikwa kwa heshima, inayomtosha kila mtu, mkubwa na mdogo.

Watu wazima watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu na kujadili chakula bora. Miaka mingi imepita, na kazi haijaisha. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, watoto 30 wamedumaa. Mtoto hudumaa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kulishwa chakula cha aina moja kila siku, ugali au uji mtupu. Majani ya kijani na boga la manjano yana vitamini A inayolinda macho. Mbaazi zinajenga mwili. Mafuta ya nazi na ya korosho yanausaidia mwili kuipokea vitamini hiyo.

Basi tupike. Kiasi hiki ni cha watu 20. Tafuta majani machanga ya muhogo ya kujaza ungo mmoja. Tafuta vikombe viwili vya mbaazi kavu, boga moja dogo, nazi mbili, vitunguu vitatu, nyanya nne na vikombe viwili vya korosho zilizobanguliwa. Vipande vya korosho vinafaa sawa na korosho nzima, na bei yake ni ndogo. Aliye na mikorosho yake aweke akiba ya Idi mwezi Novemba, kabla hajapeleka gunia la mwisho ghalani. Abangue kwa uangalifu, maana maji ya ganda la korosho huunguza ngozi.

Kazi ianze siku ya mkesha. Loweka mbaazi. Osha majani ya muhogo, kisha yatwange kinuni mpaka yalainike kabisa. Kazi hii si ya wake za watu peke yao. Vijana wa kiume wanaokaa barazani wakingoja mwezi uandame wana mikono yenye nguvu, na mchi wanaujua.

Asubuhi chemsha mbaazi mpaka ziive. Kisamvu kichemshe katika sufuria nyingine, kwa maji mengi, bila mfuniko, kwa nusu saa au zaidi. Hapa sitaki mtu afanye haraka. Muhogo una sumu, na majani yake yana sumu pia. Kutwanga huifungua sumu hiyo, na kuchemsha bila mfuniko huitoa pamoja na mvuke. Tusilipuuze jambo hili. Mwaka 2002 na 2003, katika vijiji vya Mtwara, kuna watu waliopooza miguu kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Kama majani ni ya muhogo mchungu, mwaga maji ya kwanza, tia mengine, chemsha tena. Usitie magadi ili yaive upesi, kwa maana magadi huharibu vitamini.

Kuna nazi, kamua tui zito na tui jepesi. Twanga korosho mpaka ziwe kama unga, kisha zikoroge katika tui zito. Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya, tia tui jepesi na chumvi, na kisamvu kilichochujwa maji. Kiache kichemke mpaka kikaukie kidogo.

Sasa chukua sufuria kubwa yenye mfuniko wa bapa. Tandaza nusu ya kisamvu chini. Juu yake panga mbaazi, halafu vipande vyembamba vya boga. Funika kwa kisamvu kilichobaki, na umalizie kwa kumimina lile tui la korosho juu yote. Usikoroge. Weka sufuria juu ya makaa machache, funika, na upalie makaa juu ya mfuniko, kama unavyoupalia wali. Baada ya nusu saa chomeka kijiti katikati. Kikipita kwenye boga bila kukwama, mboga imeiva. Tui litakuwa limeganda juu na kugeuka rangi kama hudhurungi, na harufu ya korosho itafika kwa jirani kabla ya mwaliko.

Pakua kwa upawa kuanzia chini, ili kila mtu apate kisamvu, mbaazi na boga kwa pamoja. Weka mboga katikati ya sinia, karibu na pilau, mahali ambapo mikono ya watoto inafika. Kata ndimu ziwe mezani. Maji ya ndimu huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika majani, na madini hayo huongeza damu. Chai ya rangi huyazuia. Kwa hiyo chai ya sikukuu isubiri saa moja baada ya kula, hasa kwa mama mjamzito.