Mtoto wa Mbuzi Yatima ni Amana

Ndugu msomaji, mwaka jana mbuzi wetu wa kwanza, tuliyemnunua mnada wa Pugu, alikufa akizaa hapa Chamazi, akaacha vitoto viwili. Wanangu walifurahi mno kuvinywesha kwa chupa. Kimoja walikilaza mapajani kama mtoto mchanga. Maziwa yakaingia mapafuni, kikafa siku ya tatu. Kosa ni langu mimi baba, niliyewapa chupa pasi na kuwapa elimu.

Elimu yenyewe ni hii. Kitoto kipate dang'a, maziwa mazito ya mwanzo, ndani ya saa 6 tangu kizaliwe, kwani humo mna kinga ya maradhi. Mama akifa, aombwe jirani ambaye mbuzi wake amezaa karibuni. Kisha kinyweshwe maziwa vuguvugu, yasiyotiwa maji, mara 4 kwa siku, kidogo kidogo, kikiwa kimesimama na shingo imeinuka. Chupa ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Baada ya wiki 2 kiwekewe majani laini na maji safi. Maziwa kiachishwe kikitimiza miezi 3 hivi.

Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mbuzi wa watu wa Makka, na ametufundisha kuwa kumhurumia kila kiumbe hai kuna thawabu. Lakini huruma bila elimu huua. Kitoto cha pili ki hai. Binti yangu hukipashia maziwa kila baada ya sala ya Alfajiri. Mzazi, mfundishe mwanao kwanza, ndipo umkabidhi amana.

Wabillahi tawfiq.