Refa Hakununuliwa, Mlimtisha

"Refa katuua." Maneno hayo hufika mtaani kabla ya matokeo yenyewe. Mechi ya mtoano ya shule za sekondari ikiisha jioni, kabla giza halijaingia Kinanira yote, hapa Bujumbura, upande wa Kinindo na upande wa Musaga, imekwisha kuelezwa kwamba timu iliyofungwa haikufungwa, imedhulumiwa. Haulizwi beki wa kushoto alikuwa wapi bao la pili lilipoingia. Haulizwi kocha kwa nini penalti alimwachia kijana aliyekuwa akichechemea tangu mapumziko. Refa kala hela, kesi imekwisha, watu waende wakale.

Mimi nasema refa hakula kitu. Na wengi wanaoeneza habari hiyo wanajua hakula, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa kando ya mstari tangu filimbi ya kwanza, wakifanya kazi ambayo hela isingeifanya vizuri zaidi.

Tuanze na hiyo hela. Bingwa wa mtoano wa shule anapata kikombe, picha ya pamoja, hotuba ndefu ya mkurugenzi na ruhusa ya kusonga mbele. Akisonga mbele sana, huko mwisho kuna michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, iliyofanyika Huye nchini Rwanda mwaka 2023 na Mbale nchini Uganda mwaka 2024. Ni heshima kubwa kwa kijana wa miaka kumi na saba, sibishi. Lakini shule iliyohangaika wiki nzima kutafuta mafuta ya basi la kuwapeleka wachezaji uwanjani, katika mji ambao foleni za mafuta zimekuwa sehemu ya maisha, hiyo bahasha ya refa imeitoa mfuko gani?

Najua jibu mlilonalo. Mtanitajia Aden Marwa, Mkenya aliyeteuliwa kuwa mwamuzi msaidizi katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi. Siku chache kabla ya mashindano ilitoka filamu ya mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ikimwonyesha Marwa akipokea dola 600, na safari ya Urusi ikafia hapo. Ni kweli. Ila itazameni vizuri habari hiyo. Aliyemnasa hakumnasa kwa kuzomea kando ya uwanja. Alimnasa kwa kamera na kwa subira, akaleta ushahidi ambao kila mtu aliweza kuutazama. Tena bahasha ina mikono miwili, maana hakuna refa anayejihonga mwenyewe. Kama mnayo picha, au shahidi, au ujumbe wa simu unaoonyesha hela imetumwa kwa nani, upelekeni mbele ya kamati na mimi nitakuja kukaa upande wenu. Kama mna hisia tu, kaeni nazo nyumbani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba uzushi huu unauficha upendeleo wa kweli. Upendeleo upo, na umepimwa. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake, watafiti wa Uingereza, walichapisha jaribio moja rahisi sana. Waliwachukua waamuzi 40 waliohitimu, wakawaonyesha video ya mechi ya Liverpool na Leicester, matukio 47 ya wachezaji kukabana, wakawaomba waamue kila tukio kama ni faulo au si faulo. Baadhi yao walitazama huku wakisikia kelele za mashabiki, wengine walitazama sauti imezimwa. Waliosikia kelele waliwaadhibu wenyeji kwa faulo pungufu kwa asilimia 15.5 kuliko wale waliotazama kimya. Hakuna aliyepewa hata senti, na wote walikuwa wameketi mbele ya televisheni, mbali kabisa na uwanja. Huko Hispania nako, wachumi waliopima dakika za nyongeza katika ligi waligundua kwamba waamuzi huzirefusha wenyeji wakiwa nyuma kwa bao moja, na huzifupisha wenyeji wakiwa mbele kwa bao moja. Masikio yalifanya kazi yote.

Sasa mchukueni refa wetu wa mtoano wa shule. Hana ukuta wala polisi, wala chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungika. Pengine ana miaka ishirini na miwili. Washika vibendera wake wamekabidhiwa vibendera asubuhi ileile. Mashabiki wamesimama juu ya mstari wenyewe, kiasi kwamba akitaka kujua kama mpira umetoka lazima amwombe mtu asogeze mguu. Kocha anamtukania mama yake. Nauli yake ya kurudi nyumbani iko mkononi mwa mkurugenzi wa shule mwenyeji. Na pembeni kuna mzazi aliyefungua mlango wa gari lake, anampigia simu mkubwa fulani kwa sauti ya kutosha ili refa asikie ni mkubwa gani.

Katika nchi hii hilo la simu si mzaha. Machi 2018 shirika la habari la AFP liliripoti kwamba viongozi wawili wa tarafa ya Kiremba, kaskazini mwa nchi, walitiwa ndani kwa sababu ya mechi ya Februari, ambamo timu ya huko ilimkaba Rais Pierre Nkurunziza kama inavyomkaba mchezaji mwingine yeyote, ikamwangusha mara kadhaa. Timu hiyo ilikuwa na wakimbizi wa Kongo ambao, kwa mujibu wa habari hiyo, hawakujua wanayemkaba ni nani. Habari hiyo ilizunguka dunia. Halafu tunamshangaa kijana mwenye filimbi akisita sekunde mbili kabla ya kuamua dhidi ya shule ya wenye magari.

Kwa hiyo timu inayolia mara nyingi haikuzidiwa hela, imezidiwa kelele. Ilipiga zake, wenzao wakapiga zaidi. Ndiyo maana malalamiko haya hayana haya hata kidogo. Timu iliyopata penalti ya huruma katika robo fainali kwa sababu uwanja mzima uliunguruma, ikifika nusu fainali na kunyimwa penalti kama ileile, ghafla inakuwa mlokole wa sheria zote kumi na saba. Kwenye robo fainali hakuna aliyenong'ona kwamba refa kanunuliwa. Siku ile alikuwa mtu wa haki, mtoto wa watu, alipewa hata maji ya kunywa.

Na makocha nao! Wapo wanaoingia uwanjani mikono juu, mishipa ya shingo imesimama, wakidai haki, ilhali katika kumi na mmoja wao kuna kijana ambaye darasani hajulikani anaketi dawati gani. Mamluki ni donda la michezo ya shule kutoka hapa hadi Kampala na Dar es Salaam, kila mpenzi wa mpira wa shule analijua. Mtu aliyemsajili baba wa mtoto mmoja kucheza na wanafunzi wa sekondari ana ujasiri gani wa kumwita mwenzake mwizi? Refa akikosea kuotea kwa hatua moja amekosea kwa macho yake, mbio, jua likimpiga usoni. Kocha wa mamluki ameketi mezani usiku na kalamu, akaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Wengine wanaona dawa ni kutoa timu uwanjani. Wydad Casablanca walijaribu, mwisho wa Mei 2019, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika huko Radès, Tunisia. Bao lao lilikataliwa, mashine ya VAR ikawa haifanyi kazi, wakagoma kuendelea. Walikuwa na hoja nzito kuliko ya timu yoyote ya Kinanira. Kesi ikazunguka hadi mahakama ya michezo, na kikombe kikabaki kwa wapinzani wao, Esperance.

Nasi Warundi, tunapomvamia mwamuzi, tunajisahau. Nchi hii ilijua kuamua mashauri kabla haijajua mpira. Bashingantahe, wazee waamuzi wa jadi, walikaa mlimani wakamsikiliza mmoja, kisha mwenzake, fimbo yao ya intahe ikigonga chini, na aliyemkatiza mwenziwe ndiye aliyeonekana hakulelewa. Walikuwapo waliolegezwa na agatutu, ile pombe ya wazee, na watu waliwasema. Sitaki kuwafanya malaika. Ila asiyeridhika alipeleka shauri juu, kwa mtware, yaani chifu, hadi kwa mwami, mfalme mwenyewe. Hakuwaleta watoto wake wazomee. Mwaka 2024 Ulaya nayo ikafika hapo: kwenye Euro iliyochezwa Ujerumani, nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumwendea refa kuuliza, na IFAB, bodi inayotunga sheria za mpira, ikafungua njia kwa mashindano mengine kufuata. Wazee wa mlimani wangecheka wakisikia hilo linaitwa jambo jipya.

Kuna wanaonijibu kwamba hizi ni hasira za mpira tu, zinapoa na jua. Hawa wasome yaliyotokea Almere, Uholanzi, Desemba 2012. Baba wa mchezaji mmoja, aliyejitolea kushika kibendera katika mechi ya vijana, alipigwa na wachezaji wa timu pinzani baada ya filimbi ya mwisho, na kesho yake akafa. Miezi michache baadaye, katika jimbo la Utah, Marekani, kipa wa miaka 17 alimpiga ngumi refa aliyempa kadi ya njano. Refa alikaa hospitali siku chache, naye akafa. Mechi zote mbili zilikuwa za vijana. Wale waliopiga walikuwa wamefundishwa na mtu, uwanja baada ya uwanja, kwamba mwenye filimbi ni adui.

Na watoto wetu tunawafundisha nini tunapowaambia kila kipigo ni wizi? Kijana aliyepoteza mpira katikati ya uwanja mara kumi anarudi nyumbani akiwa shujaa aliyeibiwa. Jumatatu hana cha kufanyia mazoezi, maana kosa halikuwa lake. Akifeli mtihani wa taifa atasema msahihishaji kala kiasi gani?

Hasara nyingine haionekani kwa sababu ni ya watu wasiokuja. Burundi haijawahi kucheza Kombe la Dunia, lakini Mrundi amewahi kufanya kazi katika Kombe la Dunia. Tarehe 13 Juni 2014, mjini Cuiabá, Brazil, Chile ilipoifunga Australia, mmoja wa waamuzi wasaidizi alikuwa Jean-Claude Birumushahu. Mwaka 2018 jina lake lilikuwamo tena kwenye orodha ya Urusi, orodha ileile ambamo Marwa aliondolewa. Rwanda jirani wana Salima Mukansanga, mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya fainali za Kombe la Afrika la wanaume, Januari 2022. Waulizeni vijana wa Kinanira wawatajie washambuliaji wa Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa, watataja hadi wa akiba. Waulizeni Birumushahu ni nani. Kijana gani atataka kazi hiyo, akiwa kila Jumamosi anaona mwenye filimbi akisindikizwa hadi barabarani kwa mawe na matusi?

Lawama mnazomtupia refa wapelekeeni waandaaji, maana wao wana majibu ya kutoa. Kwa nini mwenyeji ndiye anayemlipa mwamuzi? Kamati imlipe kabla ya mechi, hela zitoke shule zote mbili kwa kiasi kimoja, na mkurugenzi asimkaribie. Kwa nini atoke mtaa ule ule wa timu inayocheza? Bujumbura si kijiji kimoja; mtu wa Kamenge au Ngagara anaweza kushuka kuchezesha kusini, na wa Kanyosha akapanda kaskazini. Kamba ya kuwaweka mashabiki mita chache nyuma ya mstari inauzwa sokoni. Na anayebisha, aketi nje dakika kumi: sheria za mpira zinaruhusu adhabu hiyo katika mechi za vijana, na Uingereza walipoijaribu katika ligi 31 za chini, ubishi dhidi ya waamuzi ulipungua kwa asilimia 38. Kocha asiachwe nje ya adhabu hiyo. Kocha ndiye aanze.

Wakurugenzi wa shule, makocha, na nyinyi wazazi wenye simu: mtoano ujao utachezwa, na mmoja wenu atafungwa. Kabla ya kumtaja refa, mtuonyeshe kwanza kamba mliyoifunga, hela mliyomlipa kabla ya mechi, na orodha ya wachezaji wenu ikiwa na jina la darasa la kila mmoja. Msipokuwa na hivyo vitatu, hamna malalamiko.