Wasee, Acheni Kujenga Pakeji kwa Mausi

Wasee, leo tuambiane ukweli. Kila siku naona video ya mtu anafundisha SSIS, ile ya Microsoft ya kuhamisha data, na somo lote ni kubofya. Buruta kisanduku, chagua tebo, bonyeza sawa. Halafu unaambiwa sasa wewe ni injinia wa data. Hapana. Wewe ni mtu wa mausi.

Chukua majani chai yetu huku Bomet. Mkulima anapimiwa kituoni, kilo zinaingia kwa mfumo, na mwisho wa mwezi analipwa kwa kilo hizo. Bonasi ikija, ni kilo hizo hizo. Sasa tuseme kuna vituo 40, kila kimoja na databesi yake. Mtu wa mausi anajenga pakeji moja, anaikopi mara 40, kisha anabadilisha tarehe na jina la kituo moja moja. Akisahau moja tu, kituo hicho kinasoma kilo za mwezi uliopita. Hakuna taa nyekundu itawaka. Pakeji imeenda fiti kabisa, ni data ndiyo ya uongo. Na anayeumia ni mama aliyeamka saa kumi na moja kwenda kuchuma.

Hiyo kazi yote ni mistari michache ya C#. Unaongeza OLE DB Source kwa msimbo, unaita ProvideComponentProperties, unaweka AccessMode iwe 2, yaani chanzo ni kweri wala si tebo nzima, kisha unaipa SqlCommand kweri yako. Halafu AcquireConnections, ReinitializeMetaData, ReleaseConnections. Hapo kwa ReinitializeMetaData ndipo wengi huanguka: ukiiruka, kisanduku hakijui kolamu zitakazotoka, na kinachofuata kinakosa cha kushika. Vituo 40 ni lupu moja. (Na kama tebo zote zinafanana, pakeji moja inatosha: AccessMode 3 inasoma kweri kutoka kwa kigeu.)

"Lakini mausi ni rahisi kwa anayeanza." Sawa, bofya wiki ya kwanza ujue vitu vinakaa wapi. Mwezi wa sita bado unabofya? Na msiniambie C# ni ya wenye digrii. Mimi niliacha chuo, na hayo majina yote yako kwa nyaraka za Microsoft, bure, yanasomeka kwa simu ukiwa Ndanai.

Wanaouza kozi za kubofya wanajua haya. Video ya mausi inarekodiwa haraka, basi. Kabla ulipe, uliza: mtanifundisha kuweka kweri kwa msimbo? Wakianza kujikuna kichwa, rudisha pesa mfukoni.